Mama Mkwe, Haikuwa Dawa Yako

Shikamoo, mama mkwe.

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba. Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko chini ya udongo, kwenye migomba nyuma ya nyumba yako hapa Nyakatuntu, na mimi nimekaa uani kwako na ubao wa kuandikia magotini. Kusoma hukujua, na Kiswahili changu ulikisikia kwa shida. Juzi nilikuja kaburini niseme kwa mdomo, kwa Kinyambo changu kibovu. Nilisimama mpaka miguu ikachoka na neno halikutoka. Basi naandika.

Mwandiko huu ni mbaya, unisamehe. Kiganja changu cha kulia kimelegea, kinaning'inia kama kitambaa kilicholoa maji. Ili kalamu isianguke inabidi nikishikilie kwa mkono wa kushoto. Kwa nini kiko hivyo, ndiyo habari yenyewe niliyokuja kukueleza.

Nilipomwoa binti yako Kokugonza nilikuwa fundi wa magobori, mtu wa kuja, mwana wa watu wa pwani, nimejenga kando ya njia Nyakasimbi. Wawindaji wa tembo walinijua. Nilinyoosha mitutu yao, nilibadili vifyatuzi, na zaidi ya yote niliwamwagia risasi. Unaukumbuka ule moto wangu kwenye baraza ya nyuma. Mafiga matatu, kisufuria cha chuma, na vipande vya madini ya risasi vikiyeyuka mpaka vinang'aa kama maziwa mapya. Nikimimina kwenye kalibu, zinatoka zikiwa mviringo. Mvua ikinyesha Kokugonza alipikia ndizi mafiga hayohayo, maana jiko lake lilivuja na mimi kila siku nilisema nitaliezeka kesho. Yeye ndiye aliyefagia ule unga wa kijivu unaobaki. Yeye ndiye aliyekata vikia vinavyobaki kwenye risasi zikitoka kalibuni, kwa kisu, na kuzisugua mpaka laini. Mimi nilizoea kuziweka mdomoni ninapojaribu bunduki, tatu shavu hili, tatu shavu lile, ili mikono iwe huru. Mdomo ulikuwa na utamu fulani, kama nimelamba sarafu. Sikuwaza lolote.

Mimba ya kwanza ilitoka ikiwa changa. Ya pili ilitoka tumbo likiwa tayari linaonekana, na watu wameshamtania. Ndipo ulipokuja. Ulitembea siku tatu, na kibuyu chako cha dawa za miti kwenye kikapu. Kwa desturi yenu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana, basi ukanisalimu ukiwa nyuma ya mlango, na mimi nikakuitikia nikiangalia ukuta. Mwaka ule wote tuliokaa nyumba moja, mimi na wewe tuliongea kwa kupitia Kokugonza, hata tulipokuwa hatua mbili tu.

Mimba ya tatu ilishika. Ulimpa dawa zako asubuhi, ulimkanda mgongo, ulimkataza kuinua mtungi. Nakumbuka kicheko chako siku mtoto alipocheza tumboni mara ya kwanza. Sijui kama ulijua kwamba nilikisikia. Nilikuwa barazani nayeyusha.

Halafu kuku. Kuku wako watatu, wale uliokuja nao, walianza kulegea mabawa. Shingo zikainama, kinyesi kikawa cha kijani, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisema kideri.  Wewe ulichukua yule wa tatu ukampasua, ukafungua firigisi, na ndani ukakuta matone ya risasi yangu, yale yanayorukia chini ninapomimina. Yalikuwa yamesagika, madogo, yanang'aa. Ukamwita Kokugonza ukamwonyesha kwenye kiganja chako. Naye akaja kwangu.

"Mama anasema moto ule uuondoe nyumbani. Anasema kuku wamekula kazi yako wamekufa, na mimi nakaa palepale."

Nilicheka, mama. Nilimjibu, "Mwambie mama mimi si kuku."

Akarudi kukuambia. Ukasema kitu, naye akaja tena, safari hii anaona haya. "Anasema wewe si kuku, lakini mimi ni mwanawe."

Nilikasirika. Niliona mama wa kijijini ananifundisha kazi niliyojifunza toka sijaota ndevu. Moto haukutoka barazani.

Mtoto alizaliwa akiwa ametimia, wa kiume, ana nywele, ana kucha, na hakupumua. Ulimpulizia mdomoni. Ulimpigapiga nyayo. Mimi nilikuwa mlangoni nakuona, na hata hivyo, nilipotoka nje na majirani wameshakusanyika, nilisema neno lile. Nilisema dawa zako ndizo zilizomuua. Nikasema watoto wangu watatu umewala wewe. Jirani mmoja akaniambia taratibu, "Wawili wa kwanza, mama huyu alikuwa hayupo." Sikumsikia, au nilimsikia na sikutaka. Nilisema mchawi, kwa Kiswahili, kisha nikalisema kwa Kinyambo ili ulielewe vizuri.

 Ulifunga kikapu chako. Kokugonza alikuwa ndani, damu bado inamtoka, anakuita, nami nilisimama katikati ya mlango. Ulishika njia peke yako, na fimbo yako.

Mvua zilizofuata tukapata habari kwamba homa imekuchukua. Kokugonza hakuniomba ruhusa. Alijifunga kanga akaondoka, na matanga yalipokwisha hakurudi. Nilituma mtu, akarudi na jibu moja: hajambo. Basi.

Nikabaki na kazi. Tumbo likaanza kunisokota mpaka nalala chini nikikumbatia magoti. Choo kikafunga siku nyingi. Nikawa mweupe machoni. Halafu siku moja nainua nyundo, kiganja kikakataa. Mkono unainuka, kiganja kinabaki chini. Nikasema moyoni, ni yeye. Amenifuata toka kaburini kwake. Mungu anisamehe, hata hapo nilikuwa bado nakusingizia.

Ndipo alipopita daktari mmoja wa Kijerumani, anawachanja watu ndui. Tulipangwa foleni. Zamu yangu ilipofika, nikashindwa kukunja shati kwa mkono ule. Akauangalia. Akanishika kidevu, akavuta mdomo wangu chini kwa kidole, akatazama fizi. Askari aliyekuwa anatafsiri akainama naye akatazama, akasema, "Una mstari mweusi kama wino, chini ya meno yote."

Daktari akauliza, "Anafanya kazi ya risasi?"

Hakuna aliyemwambia, mama. Aliiona kinywani mwangu.

Kisha akauliza kama nina mke. Nikasema ninaye. Kama amezaa. Askari akanisukuma bega, ndipo nikasema mimba zilikuwa tatu na mtoto hakuna. Daktari aliacha kuandika. Akauliza moto uko wapi, mke anakaa wapi, anapika wapi. Nikajibu yote. Akaongea kwa muda mrefu, na askari akawa anakuna kichwa anatafuta maneno.

"Anasema risasi haiingii kwa bunduki tu. Inaingia kwa moshi, inaingia kwa vumbi, inaingia kwa mkono unaoshika kazi halafu unashika chakula. Kidogo kidogo, mtu hasikii. Ikishaingia haitoki upesi. Inakaa kwenye damu, inakaa mpaka kwenye mifupa. Mwanamke akiwa na mimba, kilichomo ndani yake kinamfikia mtoto. Anasema huko kwao wanawake wa viwanda vya risasi wanaharibu mimba, jambo hili linajulikana."

Linajulikana. Neno hilo lilinipiga. Huko kwao linajulikana, na kwangu wewe peke yako ulilijua, kwa firigisi ya kuku.

Nikauliza dawa. Wakaongea wenyewe kwa wenyewe. Askari akasema, "Anasema uache kazi hiyo. Unywe maziwa. Ungoje."

"Ningoje nini?"

Askari hakutafsiri swali hilo. Akasema tu, "Anasema pole," kisha akamwita mtu wa nyuma yangu.

Nilizima moto siku ileile. Risasi yote nikaichimbia shimo mbali na nyumba, na nilipomaliza kufukia nikasimama nikiwaza mizizi ya mgomba inafika wapi. Kitu hiki hakiozi. Nikaifukua tena, nikaipeleka juu kwenye mawe ambako hakuna anayelima, na hata huko mvua inanyesha inateremka. Sijui pa kuiweka. Tangu hapo fundi mwingine ameshafungua karibu na nilipokuwa mimi, maana wawindaji hawaachi. Nilimwendea nikamweleza. Mkewe alikuwa anapepea moto, ana mimba. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akautazama mkono wangu, akasema, "Mzee, wewe umerogwa, unatafuta pa kulaumu." Niliondoka.

Nilikuja hapa kwako kwa miguu. Kaka yako Katabazi alinipokea, akanipa buni za kutafuna kama mgeni yeyote, na nilipomaliza kutafuna nikasema mbele ya ukoo wako yote niliyokuandikia hapa. 

Katabazi akasema, "Kwa hiyo ulimwita dada yangu mchawi, na sasa unatuambia mchawi ni chuma?"

Nikasema, "Si chuma. Ni risasi."

"Sisi tunakijua chuma. Wazee wetu walikifua hapa Karagwe kabla baba yako hajazaliwa. Wake zao walivukuta moto na walizaa."

Nilijaribu kueleza kwamba vitu hivi ni viwili, kimoja kiko hata katika damu ya mtu mwenye afya na hakimdhuru, kingine ni sumu. Niliyapata hayo kwa askari aliyeyapata kwa daktari, na yaliponitoka mimi yalikuwa yamebaki maganda. Nikawaonyesha fizi zangu. Mwanamke mmoja akageuza uso. Mwisho Katabazi akasema, "Tumesikia. Lakini ulilolisema mbele ya watu linatembea. Hili la leo utalitembezaje?"



Ndipo Kokugonza alipotoka ndani, na nikaona tumbo. Mama, alikuwa na mimba alipoondoka kwangu. Hakuniambia. Nilimwuliza kama ndiyo sababu alikimbia asinione.

"Sikukukimbia wewe," akasema. "Nilikimbia jiko lako. Mama alilisema, nami nilichelewa kulisikia."

Alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe wa mjomba wake miezi yote hiyo, mbali na vumbi langu. Nilifurahi, kisha nikakumbuka alilosema daktari juu ya mifupa. Nilizihesabu zile mvua alizopikia barazani. Usiniulize nilivyokaa mpaka siku ya kujifungua. Niliswali, nikakata kuni, nikachota maji kwa mkono mmoja. Hakuna kingine nilichoweza.

Amezaliwa hai. Wa kike. Alilia, mama, sauti nyembamba kama ya mwanambuzi, na wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaanguka magotini kwenye majani ya migomba.

Sasa ana miezi mitatu. Ananyonya. Anatabasamu. Lakini ni mdogo kuliko wenzake, shingo bado haijakaza, na mara mbili amepata degedege, macho yanapanda juu, mwili unakakamaa, kisha anarudi. Kokugonza ananiuliza kama risasi inapita hata kwenye maziwa ya mama. Daktari alishaondoka kabla sijajua swali hilo. Akimnyima ziwa mtoto atakufa, akimpa hatujui. Anampa. Mimi natazama.

Wiki za kwanza sikumshika. Nilinawa kwa majivu, nikanawa kwa mchanga mpaka ngozi ikachubuka, na bado niliogopa mikono yangu. Kokugonza akasema, "Mshike, asije akakua anadhani baba ni mtu wa kukaa nje." Nilimpakata juu ya kitambaa kipya, mkono mbovu chini, mzima juu. Aliniangalia. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikamsimulia habari zako. Nilimwambia bibi yake alikuwa na macho ya kuona.

Wewe hukuwa wa dini yangu, na sijui dua yangu inakufikia kwa njia gani. Naomba hivyohivyo. Sikuombi unisamehe, kwa sababu sina haki ya kukuomba kitu tena. Mtoto akiishi au asiishi, hilo haliko mikononi mwangu. Mkono huu hauponi. Kilichobaki ambacho naweza ni kimoja.

Keshokutwa narudi Nyakasimbi peke yangu. Neno lile la mchawi nililisemea uani kwangu, lakini lilifika kila nyumba, na hata vijiji vingine kama Nyabiyonza nimelisikia likisimuliwa. Naahidi kwamba nitapita nyumba zote hizo, mlango mmoja baada ya mwingine, hata kama wataniona kichaa. Nitataja jina lako kamili. Nitasema hukumuua mtoto wa mtu. Wakiniuliza ni nani basi aliyeua, nitawaambia ni mimi, kwa kazi yangu, nikiwa nimeshaonywa.

Lala salama, mama. Kokugonza ananiita, mtoto ameamka.

Mkwe wako,
Mbaraka