Balimukula Kapita ku Kilio Yako

Yaya Riziki,

Nimengoja hasira ipoe ndipo nikuandikie, lakini haipoi, basi pokea barua pamoja na hasira yake. Ni miezi ine tangu tukuzike hapa kambini Nakivale, na mimi mudogo wako wa tumbo moja sijakuambia habari ya Kapita. Balimuchinja ku kilio yako. Jogoo uliyechagua wewe mwenyewe, bakamukula ku kilio yako.

Unakumbuka siku vijana ba kanisa balipoambiwa kila mumoja achague kuku ya kupeleka ku maonyesho ya Mbarara? Bote balikimbilia zile nyeupe za kizungu za proje, ule muradi ya kufuga ya kikundi yetu. Hata mimi nilitaka nyeupe, sikufichi. Wewe ukanivuta mukono mpaka soko ya Kaberebere, ukanichagulia jogoo shingo wazi, shingo nyekundu bila nyoya hata moja, nikaona haya kumubeba njiani. Ukasema, "Kuku isiyojua kukimbia si kuku, ni mboga inangoja sufuria." Ukakataza tumufungie. Atembee, ajitafutie muchwa, ajifunze mwenyewe kumuogopa mwewe. Usiku alilala juu ya muti ya avoka. Na kweli, mvua kidogo tu, zile nyeupe zilitoka kamasi, Kapita akazidi kung'aa.

Halafu ukaugua, halafu. Fasi hii sijui kuiandika, naruka.

Siku ya pili ya kilio batu balikuwa mingi. Baba mudogo akasema bageni ba mbali hawawezi kurudi na maharagi tu mu tumbo. Banda ya zile nyeupe ilikuwa pale pale karibu na jiko, imejaa, na hakuna mutu aliigusa, bote balisema, "Zile ni za proje." Lakini Kapita, mwenye jina yake ilikuwa tayari ku karatasi ya maonyesho, akachinjwa. Firigisi bakapa pasta, akaibariki. Kesho yake nikamuuliza baba mudogo kwa nini yeye. Akanijibu akichokonoa meno, "Ile si ilikuwa inatembea tu?"

Inatembea tu. Yaya, sisi tulikimbia vita ya Fizi namna gani, si kwa kutembea? Ulinibeba ku mugongo na wewe mwenyewe ulikuwa mutoto. Basi mwenye kutembea hana mwenyewe? Mwenye kufungiwa ndiye ana bei? Nilisema hivyo mbele ya batu, bakaniambia sina adabu, uchungu umenichanganya. Uchungu ndiyo. Kuchanganyikiwa hapana.

Sasa sikia neno sijaambia mutu. Unajua Kapita hakukamatika. Bangemukimbiza mpaka ku ziwa. Alikuja kwa sauti moja tu, yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa chini, kichwa imejaa wewe, baba mudogo akasema, "Ita kuku zikule." Nikaita. Hata macho sikuinua. Kapita akashuka, akaja mbio mpaka ku miguu yangu, kwa sababu sikuwahi kumuita kwa ubaya. Jioni bakaniletea muchuzi. Nilikuwa siku mbili sijakula, nikanywa yote, na ilikuwa tamu, Yaya. Hasira yenyewe ni hiyo. Ile ya baba mudogo ni ndogo.

Kapita aliacha mutoto mumoja kwa kuku ya jirani, Mama Neema, na shingo yake ni wazi vile vile. Mama Neema amenipa. Maonyesho ni baada ya mavuno. Ku kikundi banasema nipeleke nyeupe moja, eti batanicheka mu Mbarara na kuku ya shingo namna hii. Bacheke. Bakiniuliza ni kuku ya namna gani, nitasema ni ya kutembea.

Miguu yako ipumuzike sasa, Yaya, ulinibeba mbali. Huyu mutoto ya Kapita simufungii, ninakuahidi. Na simuiti. Siku ya safari nitamufuata mwenyewe kwa miguu, fasi yoyote atakuwa.

Mudogo wako,
Furaha