Hatua Kumi Kutoka Jikoni Kwako

Mpendwa Mama Mkwe,

Naanza kwa kukuomba radhi, maana hata kwenye karatasi naona nimekaa karibu mno. Miaka kumi na moja nimekuwa mume wa binti yako Nyangeta na sikuwahi kukushika mkono. Ulipotokea njiani mimi niliingia shambani kwa watu, nilipotokea mimi wewe ulijifunika kanga ukageukia ukuta. Siku moja tulikutana uso kwa uso kwenye geti la kanisa, sote wawili tukageuka kwa heshima tukarudi tulikotoka, na misa ikaanza bila sisi. Siku ya posa wazee wenu waliniambia mimi, fundi simu wa Mwisenge, Musoma mjini, kwamba mambo mengi nitasamehewa kama kijana wa mjini, lakini kulikaribia jiko la mama mkwe hakumo.

Ndiyo maana nyumbani kwako nilikuwa na kigoda changu kando ya zizi. Nilikula hapo, nikanywa chai hapo, nikanyeshewa hapo. Ng'ombe wako walinijua kuliko ulivyonijua wewe.

Unakumbuka ilivyoanza. Huko kwako, nyuma ya vilima vya mawe vya upande wa Butiama, simu ilikuwa pambo. Nyangeta akikupigia kutoka Musoma alisikia "haloo, haloo", halafu kuku, halafu kimya. Mimi nikaja na programu ninayotumia dukani, ile inayoonyesha simu imeshika mnara gani na kwa nguvu kiasi gani. Nikasema tupime kiwanja chote. Kwa kuwa sikuruhusiwa kupita zizi, Nyangeta ndiye aliyezunguka na simu, mimi nikiamuru kutoka kwenye kigoda.

"Soma."

"Minus mia moja kumi na tatu."

"Sogea kwenye ghala."

"Minus mia moja na nne."

Wewe ukasikika kutoka jikoni, tena wazi kabisa: "Nyangeta, huyo mume wako anapimaga nini hapo? Kiwanja ya marehemu baba yako anataka kuuza?"

Jioni tukapata jibu, nalo ndilo jibu ambalo sikulitaka. Ukuta wa nyuma wa jiko lako, penye jiwe la kusagia, minus sabini na tatu. Hapo simu iliacha kuhangaika kati ya minara miwili, ikashika mmoja tu, ule wa upande wa Bunda, ikatulia. Katika mji wako wote, mahali pekee penye mtandao palikuwa mahali pekee nisiporuhusiwa kukanyaga. Ulicheka, Mama, nilikusikia. Kisha ukachota majivu ukachora mstari hatua kumi kutoka ukutani, ukamwambia Nyangeta, "Mwambie mtandao unaanzia hapa, na yeye aishie hapa."

Nyangeta akakuwekea programu ile kwenye simu yako, tukarudi Musoma. Siku ya tatu niko dukani, nimefungua simu ya mteja, skrubu ziko mdomoni, simu ikaita. Ulikuwa wewe. Nilisimama wima kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mkwe," ukasema, "leo inasema sabini na tisa. Juzi ilikuwaga sabini na tatu. Si imepanda?"

Nikakueleza kwamba imeshuka. Ukaniuliza shule nilisoma wapi. Nikasema ile alama ya kutoa iliyoko mbele ndiyo inayogeuza mambo, ni kama kisima, maji yakiwa mita sabini chini ni afadhali kuliko yakiwa mita mia. "Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nachotea mtandao kisimani," ukasema, ukakata simu bila kuaga.

Kesho yake ukapiga tena, na keshokutwa. Ulisema simu haina uso, kwa hiyo mila haijavunjwa. Jina langu hukulitamka, hilo ni mwiko, na hata kuliandika kwenye simu uliona ni kulitamka kwa vidole. Ukaniandika "Mnara".

Mwanzoni tulizungumza mtandao tu, maana ndiyo habari pekee ya heshima kati ya mkwe na mkwe. Halafu vitu vingine vikaanza kujipenyeza. "Minus themanini na mbili, mkwe, na goti nimeamka nalo." "Minus sabini na sita, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha." "Minus tisini, kuna mvua, na huyo mjukuu wangu Magesa mnampaga samaki au chipsi tu?" Mimi nilijibu mtandao kwanza, ndipo nikaja kwenye samaki. Nilipokaa Kisorya, kando ya ziwa, wiki nzima kwa kazi, ulinidai namba zangu nami nikakusomea. Simu yangu ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo, Ukerewe. "Umevuka ziwa bila kivuko," ukasema. "Usizoee."

Miaka minne, kila jioni. Nyangeta, kati ya zamu zake za hospitali, alijua tunapimiana mtandao. Hakujua kwamba habari za kwao nilikuwa nazipata kabla yake.

Lakini Masatu hakujua kitu. Shemeji yangu huyo, mwanao wa kwanza, alikuja kutoka Bunda kwenye biashara yake ya pamba, akakaa kwako siku tatu. Jioni zote tatu alimwona mama yake mjane ameketi nyuma ya jiko anacheka na simu mpaka kanga inamdondoka. Akachungulia kioo. Mnara. Akakuuliza Mnara ni nani. Ukamwambia ni mnara. Mwanao akaenda moja kwa moja kwa wazee wa ukoo wa marehemu baba yake, na wazee wakasema mjane mwenye mwanamume amfuate mwanamume wake, mji wa marehemu auache.

Wakaitisha kikao, na kwa kuwa kulikuwa na simu ndani ya kesi, wakamwita mtaalamu. Mtaalamu ni mimi. Nyangeta alikuwa zamu, nikapanda gari peke yangu kutoka Mwisenge hadi kwako. Nikakaa kwenye kigoda changu.

Masatu akanijia pale zizini. "Shemeji, ile programu yako ituonyeshe huyu Mnara yuko wapi."

"Inaonyesha mnara ulioshikwa na simu yako mwenyewe," nikasema. "Ya mtu mwingine haionyeshi." Huo ulikuwa ukweli mtupu, na sijawahi kuona ukweli ukininyooshea mkono wa kuniokoa namna ile.

"Basi tunampigia," akasema. Wakaenda wote kwenye ukuta wa jiko, maana hakuna mahali pengine pa kupigia. Wewe ulikuwa umekaa juu ya jiwe la kusagia. Masatu akachukua simu yako, akaweka sauti ya juu, akapiga. Namba hiyo ilikuwa ya laini yangu ya pili, ambayo yeye hakuwa nayo.

Namba haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Amezima," Masatu akatangaza. "Mwenye hatia anazimaga."

Nisikilize sasa, Mama, kwa sababu hili sikuwahi kukuambia. Mimi ndiye niliyepima kiwanja kile. Nilijua kwamba pale zizini niko minus mia moja kumi na tatu, na ukoo mzima ungeweza kupiga hadi magharibi simu yangu isilie. Kazi yangu ilikuwa kukaa tu. Na nakiri, nilikaa. Niliogopa kuitwa mkwe asiye na adabu, anayepiga soga na mama mkwe wake kila jioni.

Kisha nikakutazama, kitu ambacho sikupaswa kufanya. Ulikuwa umejifunika kanga mpaka machoni na hukusema neno. Neno moja tu, "ni mkwe", lingekuachia nyumba yako. Hukulisema. Ulikuwa tayari kufukuzwa kwako ili mimi nisiaibike mbele ya wazee.

Nikasimama. Nikatoa simu mfukoni nikaishika mbele yangu na kuanza kutembea kuelekea jikoni. Mia moja na tisa. Mia moja na nne. Mzee Mafuru, mdogo wa marehemu baba mkwe, akaniona akadhani nimepotea. "Mkwe, choo kiko upande ule," akasema. Nikafika kwenye mstari wa majivu, ambao ulikuwa ukiuchora upya kila wiki miaka yote ile. Mia moja na moja. Nikauvuka. Hatua moja, mbili, tatu, nne. Hatua ya tano, themanini na nane, na Masatu akabonyeza kupiga kwa mara ya tatu.

Mlio wa simu yangu aliuweka Magesa, nao ni mlio wa mbuzi. Wazee wote wakageuka kutazama zizini. Mbuzi akalia tena, safari hii wakaona analilia mkononi mwangu.

Wewe ndiye uliyewahi. Ukamnyang'anya Masatu simu, ukanipa mgongo, ukaiweka sikioni. Nami nikageuka nikakupa mgongo, nikapokea.

"Haloo, mkwe," ukasema. "Umefika karibu mno. Rudi nyuma."

"Ndiyo, Mama."

"Rudi hatua kumi."

"Nikirudi kumi simu itakatika, Mama."

Ukafikiri. "Basi rudi tano."

Nikarudi tano, bado nimekupa mgongo, hadi kwenye majivu. Sauti ilikwaruza lakini haikukatika. Mzee Mafuru akaja akasimama kati yetu, akaniuliza, "Wewe, mnaongeaga nini na mama yako kila jioni?" Sikujua nianzie wapi, goti, mbuzi au samaki. Ukasema ndani ya simu, "Mwambie tunapimaga mtandao."

"Tunapimaga mtandao, Mzee."

"Miaka minne?"

"Unabadilikabadilika."

Wakanitoza mbuzi kwa kuvuka mstari, nikamleta, mkamla bila kunipa hata mchuzi. Habari ya mwanamume ikaisha hapo hapo na nyumba ikabaki yako. Masatu hakuomba radhi kwa mdomo, alikuletea sukari. Na kabla sijaondoka Mzee Mafuru alinifuata zizini, akachuchumaa, akaninong'oneza, "Hiyo kitu inaweza kuja kupima na kwangu? Binti yangu wa Bunda simsikiagi."

Jioni ile ulinipigia. "Minus sabini na nne," ukasema. "Mkwe, umenitoa aibu."

Unajua nilichokujibu. Nilisema, "Sabini na nne ni nzuri, Mama."

Hilo ndilo limenifanya niandike barua hii. Wewe ulitaka kupoteza nyumba kwa ajili yangu, na mimi nikakujibu namba. Nilipaswa kusema kwamba mama yangu mzazi aliniacha mdogo, na kwamba tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kila jioni nimekula nini. Nilipaswa kusema asante. Nilidhani kesho ipo, maana wewe ulipiga kila siku.

Simu yako ya mwisho ilikuwa masika haya. "Minus sabini na moja," ukasema, ukiwa na furaha. "Haijawahi kuwa nzuri hivi." Halafu nikasikia mkwaruzo, mara mbili, mara tatu. Nikasema, "Mtandao unasumbua, Mama, pumzika, tutaongea kesho." Minus sabini na moja haikwaruzi. Fundi mzima nilipaswa kujua kwamba kile ni kifua chako. Nimelia kwa ajili ya jambo hilo, tena dukani, mbele ya mteja aliyedhani nalilia kioo chake.

Ulipozikwa nilisimama zizini, kama inavyopasa. Nilisikia nyimbo na nikasikia udongo.

Jumapili iliyopita tulikuja kuweka msalaba. Wamejenga mnara mpya kwenye kilima cha juu ya shule, Mama, ungefurahi na ungekasirika. Nilifungua programu pale kwenye kigoda nikasoma minus sitini na mbili. Zizini. Ng'ombe sasa wana mtandao kuliko uliokuwa nao wewe. Wanao wanapigia simu ghalani, chooni, popote, na nyuma ya jiko hakuna anayekaa tena. Mvua imefuta majivu. Nikaenda hadi pale nilipokumbuka mstari ulipita, nikaupita kidogo bila kujua, nikasimama nikilitazama lile jiwe. Nikabonyeza namba yako. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kusikia tu kwamba haipatikani, ili niamini.

Ikaita. Iliita jikoni kwako, nyuma ya ukuta ule ule. Kumbe Nyangeta aliichukua, kila jioni anaichaji kwa siri, na siku hiyo alikuja nayo. Ikapokelewa.

"Haloo, mkwe," akasema binti yako, kwa sauti yako kabisa. "Umefika karibu mno."

Nikageuka nikaupa ukuta mgongo.

"Rudi hatua kumi," akasema, na ile sauti yako ikaanza kumponyoka.

Nikarudi, Mama. Nilirudi zote kumi, na simu haikukatika.

Lala salama, na asante, ambayo nimechelewa nayo.

Ni mimi mkweo, Baba Magesa,
yule uliyemwandika Mnara.