Mwisho wa Ghala Namba Nne

Alhamisi, 2 Oktoba

Makala yangu imetoka. Ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la magodoro. Mhariri kakata aya mbili ili godoro lienee. Miaka sita nawapendekezea watu filamu nzuri wasizozijua, na wasomaji wangu ni wale wale: mwalimu mstaafu, daktari wa meno, na mfungwa mmoja mwenye mwandiko mzuri kuliko waandishi wote wa gazeti hili.

Leo ni zamu ya Ghala Namba Nne. Nyeusi na nyeupe, umri wake zaidi ya miaka arobaini, haipatikani popote. Diski yake niliikuta kwa Bei Moja, muuza mitumba wa nyuma ya posta, kwenye sanduku la chaja mbovu. Mwanamke mtunza ghala anamngojea mumewe aliyesafiri. Anapima magunia, anaandika, anafunga mlango. Mume hatumwoni kabisa! Siku moja anaweka vikombe viwili mezani – giza. Kwisha. Hawa watengenezaji wa siku hizi wangemleta mume mbio, na vinanda juu.

Mwisho sikuufichua, nisije nikawaharibia watu. Nimeandika tu kwamba sijaona mwisho wa kijasiri kama huo. Na nimewaalika waje kuitazama Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi jioni, ukumbi wa maktaba. Mhariri kasema wakifika kumi nimshukuru Mungu.

Nilipoionyesha nyumbani, mke wangu aliuliza mbona imekatika. Nikamwambia amezoea tamthilia zinazofungwa kwa harusi. Shemeji, kaka yake, aliondoka dakika ya kumi kwenda kutazama mpira. Mtu asiyeweza kukaa na filamu hadi mwisho hafai kukabidhiwa hata mbuzi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Yuko hai! Mama aliyeitengeneza Ghala. Mimi nilishamhesabu kati ya marehemu – bahati sikuandika.

Kapiga simu ofisini. Dada wa mapokezi kaniunganishia huku akitafuna. Sauti nyembamba, haina haraka. Kasema mikanda yake yote iliharibiwa na mvua, paa lilivuja, na kila alipoulizia nakala aliambiwa hakuna. Macho yake hayasomi tena. Mke wa mpwa wake ndiye aliyemsomea makala. Jumamosi anakuja, safari ya kutwa nzima kwenye basi.

Kisha akasema: "Nikufiche nini, mwanangu. Nakuja kumwona mzee wangu. Si ndiye yule anayeingia mwishoni? Dakika thelathini na tano zote zake. Picha za ukutani ninazo, lakini sijamwona akitembea tangu nimzike."

Nikasema, "Karibu sana, mama."

Mzee gani? Anaingia wapi?

Nimeitoa diski nikaitazama vizuri. Imeandikwa 1 kwa kalamu ya wino. Siku zote nilidhani ni namba ya sanduku.

Jumanne, 7 Oktoba

Bei Moja hakusitasita hata kidogo. "Mbona zilikuwa mbili hizo, mzee?"

Ya pili? Zile zisizouzika mkewe huzitundika bustanini kufukuza ndege. Tukaenda. Diski kumi na moja kwenye kamba, juu ya mboga, zinazunguka. Yenye 2 ilikuwepo. Jua limeibambua, ukiinua unaona upande wa pili. Fundi kompyuta kaiingiza kwenye mashine, kaitoa, kaniuliza kama namtania.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mimi, bingwa wa kuwacheka wanaotazama filamu nusunusu, nimesifu ujasiri wa diski iliyopotea. Nusu ukurasa mzima! "Ametunyima faraja kwa makusudi" – hiyo sentensi mhariri aliikata. Mara ya kwanza godoro limenisaidia.

Nimemweleza mke wangu. Hakusema "nilikuambia". Bora angesema. Alisema tu nimpigie mama wa watu leo hii, kabla hajakata tiketi.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikumpigia jana.

Mhariri kapata habari kwamba mama anakuja. Sasa anataka picha ya ukurasa wa kwanza: mjane anamwona mumewe tena. "Nataka machozi," kasema, kwa sauti ile ile anayoagizia chai. Mtu ambaye hajawahi kusoma makala yangu hata moja, leo ananiita fahari ya gazeti. Na mimi nimetabasamu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mchana nimepiga. Kapokea mke wa mpwa. Mama hayupo, kasema, yuko kwa mshonaji anajaribu gauni. Nimpe ujumbe gani?

Nikasema nilitaka tu kuhakikisha kwamba anakuja.

Mwoga wewe. Domo kubwa kwenye karatasi, kwenye simu bubu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Makala ya wiki hii ni ya filamu nyingine. Nimeitazama hadi mwisho mara mbili, na majina yote, hadi ya mpishi wao.

Simu sijapiga. Tiketi kishakata.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa kumi kasoro dakika tano. Niko nyuma, kando ya projekta, naandika haraka ili mikono iwe na kazi.

Watu sitini na wawili, nimewahesabu. Daktari wa meno yupo. Shemeji kachomekea shati. Mpigapicha kashapanga taa yake kuelekea kiti cha mbele.

Yeye alifika mapema kuliko wote. Kamwili kadogo, fimbo, gauni jipya la buluu. Kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba turubai limepinda upande wa kushoto. Limepinda kweli – na huyu ndiye asiyeona! Nikalinyoosha.

Nilikuwa na sentensi yangu tangu asubuhi. Mke wangu alinisikiliza nikiirudia bafuni. "Mama, samahani, ninayo nusu tu." Basi. Mtoto wa chekechea angeweza kuitamka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa kwanza."

Nikakaa. Akanishika mkono, akauliza polepole, kama anayeulizia hali ya mgonjwa: "Pale anapoingia, ulilia?"

Nikasema, "Nililia, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunishika mkono. "Nilijua," akasema. "Wote tuliofanya nao kazi wamekwenda. Sasa tuliomwona tumebaki wawili, mimi na wewe."

Mke wangu amesimama mlangoni, ananiuliza kwa macho. Mhariri ananionyesha saa. Mama ameomba kiti chake kisogezwe mbele zaidi, karibu kabisa na turubai, na shemeji anamsogezea. Sasa mtu amezima taa, sioni ninachoandi