Mwambie Mama Yako

Jumatatu, 3 Machi

Nimeosha vyombo. Nimemchemshia Baba maji. Nimerudi chumbani.

Wiki ya mechi imeanza, na tangu asubuhi Baba na Mama hawasemezani. Ndiyo desturi ya nyumba hii tangu kabla sijazaliwa. Reli ikikaribia kukutana na Kiwandani, wananuniana kuanzia Jumatatu. Baba ni wa Reli, Mama ni wa Kiwandani. Timu ikipoteza, shabiki wake anafua jezi ya mwenzake kwa mikono na kuianika mbele ya nyumba, majirani waone. Hapo ukimya unaisha. Zamani mimi na ndugu yangu Kevo ndio tuliokuwa wajumbe. Tulicheka sana.

Sasa mjumbe ni mmoja. Kevo alisajiliwa na Kiwandani mwaka ulipoanza. Baba aliichezea Reli ujanani, na babake alikuwa akitia makaa kwenye injini. Baba alimwambia Kevo asikanyage hapa tena. Ndugu yangu analala hosteli ya timu.

Nimepata kazi. Maabara ya maji, Lodwar. Naripoti tarehe 24. Sijamwambia mtu. Mechi iishe, waongee, niwaambie wakiwa pamoja.

Jumatano, 5 Machi

Baba: "Mwambie mama yako kijana wake ni msaliti, na huo usaliti ameunyonya kwake."

Nikaenda jikoni. Nikasema Baba anauliza kama kuna chai.

Mama akamimina. "Mwambie huyo mzee chai iko. Mabao ndiyo hana."

Nikarudi. Nikasema Mama anasema karibu chai.

Hivi ndivyo ninavyofanya. Napunguza makali. Sikumbuki nilianza lini.

Jioni Mama alimdunga Baba sindano ya sukari kabla ya chakula. Macho ya Baba hayaoni tena alama kwenye bomba la sindano. Aliinua shati, akatazama ukuta. Mama akadunga, akaondoka. Bila neno.

Jumapili, 9 Machi

Vumbi na watu. Nilikaa nyuma ya goli. Si kwa Baba, si kwa Mama. Reli walitangulia. Mtu mmoja nyuma yangu hakunyamaza hata kidogo: "Nyinyi Kiwandani, shifti imeisha, rudini nyumbani mkapikiwe." Mwishoni kabisa Kevo akasawazisha kwa kichwa. Nilisimama. Nikakumbuka, nikakaa.

Baba aliondoka kabla ya kipenga.

Sare. Haijatokea tangu nipate akili. Hakuna jezi ya kufuliwa.

Jumanne, 11 Machi

Bado. Hakuna aliyeshindwa, kwa hivyo hakuna wa kuanza. Leo nimebeba habari za stima, za chumvi, za kuku wa jirani. Kutoka sebuleni hadi jikoni ni hatua chache tu. Nimechoka kama niliyetoka Molo kwa miguu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaambia kuhusu Lodwar. Mmoja mmoja.

Mama alikuwa akikata sukuma. "Sasa ukienda, nitaongea na huyu vipi? Muulize baba yako kwanza."

Baba: "Lodwar kuna joto. Mama yako anasemaje?"

Nikaenda. Nikarudi. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekubali. Nilitaka kupiga nduru. Nikasugua jiko.

Nimeelewa kitu, na nimekichukia. Wamestarehe. Kila mmoja anadhani mwenzake anamsema vizuri. Ukimya huu mimi ndiye niliyeutia sukari. Ningekuwa mjumbe mbaya, wangekuwa wameongea zamani.

Jumanne, 18 Machi

Kuanzia leo nabeba maneno jinsi yalivyo.

Baba: "Mwambie mama yako amelea mwizi wa heshima yangu."

Nikasema vivyo hivyo. Kisu cha Mama kikasimama kwenye kitunguu.

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie Kevo hakuikimbia Reli. Alimkimbia yeye. Na mimi ningekuwa na miguu ya Kevo ningekimbia."

Nikapeleka. Nilifurahi. Nilingoja wapigiane kelele. Nilizitamani hizo kelele.

Baba alizima redio. Basi.

Alhamisi, 20 Machi

Mama ameenda kwa dada yake anayeishi Bahati.

Kabla ya kutoka alinionyesha jinsi ya kuvuta dawa kwenye bomba. Akarudia. Langoni akasema, "Kumbe miaka yote hii ndivyo anavyoniona."

Nikamwambia ukweli. Kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nikibadilisha. Kwamba kuna siku Baba alisema msaliti, nikasema chai.

Alifungua lango.

"Ungeendelea tu, mama," akaniambia.

Jumamosi, 22 Machi

Begi liko tayari kitandani. Nalala pembeni yake.

Kevo alipiga simu. "Sista, mimi siwezi kuja, mzee atanifukuza kama mbwa. Lakini wewe enda. Usijali."

Enda, usijali. Ni rahisi ukiwa nje ya lango.

Mama anasema atarudi akiitwa. Baba anasema yeye hakumfukuza mtu. Nimejaribu kumfundisha Baba kuvuta dawa kwa kupima kwa kidole badala ya macho. Alivuta hewa tupu. Akaweka bomba mezani kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe.

Namchukia. Ninampenda. Sindano ni asubuhi na jioni.

Jumatatu, 24 Machi

Niliwaandikia Lodwar alfajiri. Walijibu kwa heshima. Watamchukua mwingine.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Harufu ya udongo imeingia hadi ndani.

Tulikula wawili. Ugali, sukuma, maziwa ya mala. Baba hakutaja mpira. Akanigeukia.

"Si ulikuwa na safari?"

"Ilikuwa jana, Baba."

Akanisogezea bakuli la mboga. Nikajipakulia.