Ndugu wa Nyumbani, Mgeni wa Ofisini

Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni,
Mlango wa Kijani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zangu za heshima, mimi mtoto wa marehemu kaka yako. Dhumuni la barua hii ni kukuomba uamuzi katika shauri la ukoo. Lakini haifai mtu kuingia na shauri kabla ya kubisha hodi. Je, goti la kushoto limepoa? Na yale macho, uliyapeleka kwa daktari au bado unamkimbia? Sisi huku hatujambo. Mama hukohoa asubuhi tu, na akimaliza kukohoa huanza kutusema, ndipo tunapojua kuwa yu mzima.

Nianze na la furaha. Unajua kwamba kwa miaka mingi nimekaa na mashine yangu ya chapa nje ya geti la ofisi kuu, nikiwaandikia watu maombi yao: ya kazi, ya kiwanja, ya kiinua mgongo kilichopotea njiani. Unajua pia kwamba katikati ya maombi ya watu nilikuwa nikituma la kwangu, kwamba kazi za umma zitolewe kwa uwezo wala si kwa undugu. Basi serikali mpya imepitisha sheria hiyo. Kila kiti kinashindaniwa upya, hata na anayekikalia. Kila jopo la usaili sharti liwe na raia mmoja asiye mtumishi, na wakazi wa mtaa wetu wamenichagua mimi. Nimenunua tai.

Mwisho wa mwezi huu jopo letu litamsaili Mkuu wa Utumishi, anayeomba kurudishiwa kiti chake. Huyo unamjua, maana ulimlea: ni mtoto wa Baba Mkubwa, kaka yangu. Mimi na yeye tulikula sahani moja nyumbani kwako.

Nisamehe nikikukumbusha unalolijua. Nilipofika ofisini kwake kuomba ukarani, sina cheti ila nimejifundisha kwa kila kitabu nilichokipata, mpokea wageni alimwita akamwambia, "Bosi, kuna ndugu yako hapa." Kaka akaja akasimama nyuma ya kioo cha kaunta, akanitazama kuanzia viatu.

"Huyu? Simjui. Majina tu yamefanana. Kwani mbwa wangapi wanaitwa Simba?"

Benchi zima la wageni likacheka. Mlinzi naye akacheka, na tangu siku hiyo makarani huniita Simba wa Getini. Sikuwa nimeomba upendeleo, Shangazi. Niliomba nipewe karatasi ya mtihani kama wengine.

Ukarani ule alimpa shemeji yake. Mpwa wa mkewe alikabidhiwa ghala, na kila kilichotunzwa kikatoweka. Mwingine alifanywa dereva, naye hajui kurudisha gari nyuma hadi leo. Huzunguka mtaa mzima ndipo aegeshe. Nilikuandikia wakati ule, ukanijibu neno moja: subiri. Nimesubiri. Sikusahau hata chembe.

Sasa lile linaloniwasha. Juzi alikuja nyumbani kwangu, mara ya kwanza tangu nijenge, mikono mitupu na kinywa kimejaa asali. Mke wangu alimkaribisha kwa adabu zote, akampa kile kiti chenye mguu mbovu.

"Mdogo wangu! Umenenepa, bwana. Shemeji anakutunza."

"Namtunza, shemeji," mke wangu akajibu. "Nilimwokota getini."

Kaka akacheka peke yake. Kisha akaanza: damu ni nzito kuliko maji, babu yetu mmoja, Shangazi anatuombea. Nikamweleza kuwa nimefurahi kusikia hayo, na kwamba nitayafikisha kwa mwenyekiti, kwani sheria inamtaka kila mjumbe asimame na kutaja undugu wake na mwombaji kabla mwombaji hajaitwa. Mwenye undugu hutoka nje, nafasi yake ikashikwa na mwingine.

Kiti kikatoa mlio chini yake. "Aa, usifike huko! Hapa nyumbani sisi ndugu. Kule ofisini tuendelee kutojuana, kama zamani. Si wote wanajua majina tu yamefanana? Wewe kaa humo ndani, unisaidie."

"Kama zamani?" nikamwuliza.

"Kama zamani, mdogo wangu."

Mama alikuwa chumbani, amesikia yote. Akapaza sauti: "Mwambie akitoka aangalie mlangoni, Simba anauma!"

Shauri lenyewe ni hili. Nikinyamaza, nitakaa katika jopo. Yeye anadhani atamkuta mtu wake, atakuta swali. Nimeandaa moja tu, nimelifuta na kuliandika upya hadi limenyooka: "Mheshimiwa, akija kwako mwombaji ambaye ni ndugu yako wa damu, utamtendea nini?" Nitaliuliza taratibu, nikimtazama kuanzia viatu. Akijibu kwamba atamtendea haki, nitamwuliza ni lini aliwahi kufanya hivyo. Nataka aonje lile benchi nililoonja mimi. Sikufichi, Shangazi: nalala nalo na kuamka nalo.

Nikisimama nikasema kweli, nitatoka nje. Atasailiwa na watu wasiomjua, na kwa ulimi ule huenda akakirudia kiti chake. Lakini sheria hii niliiombea mimi, kwa vidole hivi hivi. Nikikaa, nitakuwa mtu wa kwanza kuivunja, tena nimevaa tai. Na nitakuwa nimemkana kama alivyonikana, tofauti ni kwamba safari hii ameniomba mwenyewe.

Mke wangu asema nikae nimchinje. Mama asema nikuulize wewe, kwa kuwa ndiwe uliyebaki upande wa Baba, na ndiwe uliyetufundisha kuitana kaka. Najua kaka hukupigia simu, na mimi ni mtu wa barua. Najua pia ulimbeba mgongoni kabla yangu. Nakuomba uyaweke hayo kando, kama mjumbe wa jopo anavyotakiwa.

Nisalimie binamu zangu, fundi saa na mdogo wake mwenye makelele, na jirani yako anayekusomea barua hizi; mwambie asirukeruke mistari. Mungu akujalie goti jepesi na usingizi usiokatika.

Basi naomba uamuzi wako, kwa maandishi, kabla mwezi haujaisha: mtoto wa Baba Mkubwa ni ndugu yangu, au majina tu yamefanana? Ukisema ndugu, nitasimama. Ukisema majina, nitakaa. Neno moja latosha, ila safari hii lisiwe "subiri".

Wako akupendaye na kukutii,
mtoto wa kaka yako,
Simba wa Getini.