Kabula, Nilibonyeza Rejesha

Mwanangu Kabula,

Kila ukipiga simu na kuulizia kompyuta yako, nakujibu iko kabatini, nimeifunika kanga. Kanga ni kweli. Mengine nimekudanganya, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukajua kabla sijasema.

Unakumbuka ile wiki ya mwisho kabla hujaenda kazini Mwanza? Ulikaa hapa barazani Ipole ukaigeuza mashine yote iwe ya Kiswahili, kwa ajili yangu mimi niliyeishia darasa la nne. "Sasa mama huna kisingizio," ukasema. Ukanionyesha pa kubonyeza nimsikie marehemu baba yako, ile sauti uliyomrekodi akisimulia babu yake alivyokuwa mpagazi, akibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani. Nilimsikiliza kila Jumapili nikitoka kanisani. Akifika pale anapojichekesha mwenyewe, na mimi nacheka.

Siku ya kumbukumbu yake mashine ikagoma. Ikaleta ukurasa wa bluu wenye maneno mengi. Nikayafuata kwa kidole mpaka nikakuta neno ninalolijua: Rejesha. Kabula, kwetu ng'ombe akipotea akaletwa nyumbani, si tunasema karejeshwa? Nikadhani inaniuliza kama namtaka baba yako. Nikabonyeza. Ikauliza tena kama nina hakika. Ningekosaje hakika? Kaduara kakazunguka, kakazunguka, nikaogopa inaungua, nikaizima katikati.

Tangu hapo ikawa inawaka, inaonyesha nembo, inazimika. Nikaipeleka Tabora mjini kwa fundi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo.

"Shikamoo mama. Nani kaigusa hii?"

"Marahaba. Imejigusa yenyewe."

Ona, hata fundi nilimdanganya.

Alihangaika nayo siku mbili ikawaka, lakini bubu. Akasema haina draiva wa sauti. Nikamuuliza huyo dereva kaenda wapi na gari limebaki hapa. Alicheka mpaka akashika meza, akanieleza ni programu ndogo inayoiwezesha mashine kutoa sauti, na ilipotea niliporejesha. Akaiweka upya. Sauti ikaja. Baba yako hakuja.

"Mama, umeirejesha ilivyotoka dukani," akasema polepole. "Ilipotoka dukani mzee hakuwemo."

Fundi alifukua kipande kimoja tu cha ile sauti. Baba yako anakohoa, anasema, "Babu yangu mimi..." Halafu mimi kutoka jikoni: "Kabula, zima hiyo, ugali unapoa!" Kinaishia hapo. Katika yote aliyosema, nimebaki mimi nikimkatiza.

Sijui kama una nakala nyingine huko. Naogopa kuuliza, ndiyo maana nakuandikia badala ya kuuliza.

Lakini maneno yake ninayo kichwani. Alisema mpagazi mzigo ukimshinda hautupi, anautua. Ila kuuinua tena peke yake hawezi, mpaka apatikane mwenzake wa kumtwisha. Basi nimeutua, mwanangu, huu hapa. Ukija, kasirika kwanza, kasirika mpaka hasira iishe, sitakukatiza. Ukishamaliza, iwashe hiyo mashine unirekodi nikiisimulia safari ya babu, kabla na mimi sijaisahau. Unitwishe.

Mimi mama yako, niliyekuwa na hakika.