Gongo la Baba Kando ya Mlango wa Jikoni

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Pili,
Kijiji cha Kiwanda, Tarver Mills,
South Carolina.
9 Machi 1998

Mpendwa dada Verlene,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Oregon, wewe na shemeji Emil? Mgongo wake umepona, au bado anapanda ngazi huku akiugulia? Na Corinne je, ameanza kula mboga? Sisi tunapumua. Mke wangu Nadine anakohoa tangu Januari, lakini ukimwambia aende kwa daktari anakujibu nenda wewe. Mimi ni magoti tu. Mipichi ya nyuma imechanua mapema mno, naogopa baridi itarudi iiunguze.

Habari zenu huwa nazisikia kwa Nadine, lakini najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu mwenyewe kwenye bahasha. Miaka kumi na tisa si mchezo. Tulia, Mama yu hai. Ila hayuko sawa, na kosa ni langu. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza kujitetea.

Kumbukumbu zake zimeanza kumpotea tangu mwaka juzi. Siku hizi Mama anamwita Nadine kwa jina la marehemu mama mdogo Eula. Lakini alikuwa na raha zake, haki ya Mungu sikudanganyi. Unakumbuka ilivyokuwa humu ndani: Baba akiwa nyumbani, gongo lake la besiboli limeegemea kando ya mlango wa jikoni. Lisipokuwapo, ameenda uwanjani na timu ya kiwanda, na chakula chake kifunikwe. Basi Mama bado anaishi hivyohivyo. Kila asubuhi alikuwa anapitisha kidole gumba kwenye mpini, juu ya ile tepu nyeusi na vichwa vitatu vya misumari, anasema, "Hoyt yuko nyuma ya nyumba," kisha anakunywa kahawa yake kwa amani. Nasi tulimwacha. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia kwamba huyo Hoyt wake tulishamzika?

Februari alitimiza miaka sabini. Nikalichukua gongo kimyakimya nikalipeleka karakana ili nimfanyie zawadi.

Kazi yangu unaijua. Wakusanyaji wa magongo ya zamani wananiletea kutoka Atlanta, wengine kutoka Chicago. Naziba nyufa kwa gundi, nainua mbonyeo kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto, nasugua mti kwa mfupa wa ng'ombe mpaka ukaze. Na neno la kwanza namwambia kila mteja: uchafu usiguswe. Alama za mpira, jasho, tepu ya mchezaji mwenyewe, hayo ndiyo yanayomwonyesha mtu aliyelishika. Niliwahi kumfukuza mzee mzima karakana kwa sababu alitaka nimpigie msasa gongo la mjomba wake.

La Baba nikalipiga msasa. Lilikuwa la kwetu, dada, nikaona ubovu tu. Niling'oa misumari aliyoipigilia ule mwaka mpini ulipopasuka, wewe ukiwa na miaka kumi. Nikaziba matundu, nikabandua tepu yote nikaitupa motoni, nikapaka vanishi mara tatu. Nadine alilitazama akasema, "Sasa hilo linaenda kanisani, au?" Nikacheka. Kumbe alikuwa ananionya.

Mama alipitisha kidole gumba. Akakiondoa. Akanitazama kama muuza vyombo aliyepiga hodi.

"Hili la dukani hili. La Hoyt liko wapi?"

"Ndilo hilo, Mama. Nimelitengeneza."

"Lonnie, usinifanye mtoto. Ameondoka nalo."

Tangu siku hiyo anakaa mlangoni amevaa koti, mkoba mapajani. Sahani ya Baba imefunikwa mezani. Ikifika saa sita anauliza kama mchezo umekwisha. Jumatano alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kuna mwanamke huko, sivyo? Niambie tu mwanangu, sitalia." Akalia. Verlene, yule mzee hakuwahi kulala nje hata siku moja, na mimi mwanawe nimemfanya mtoro mbele ya mkewe.

Misumari nilikuwa nayo bado, kwenye kopo la ugoro. Nikazibua matundu, nikairudisha mahali pake. Nikaupaka mpini masizi na mafuta. Nikapata tepu ya zamani kwa mjomba wake Nadine, nikazungusha vizuri kabisa. Mama alipogusa misumari uso ukamchangamka, ungemwona! Kisha kidole kikafika kwenye tepu kikasimama.

"Imezungushwa kwa mkono wa kulia hii," akasema.

Baba alikuwa mashoto. Mimi fundi, magongo mangapi yamepita mikononi mwangu, nilisahau. Yeye asiyelikumbuka jina la mkwe wake hakusahau. Nikaifungua, nikajilazimisha kuzungusha kwa kushoto, mara tatu. Mara ya mwisho alisema, "Nani huyu anamwigiza Hoyt?" akalisukuma likaanguka sakafuni.

Sasa nifike ninapopaogopa. Wewe ni mashoto kama yeye. Ni wewe aliyekukalisha kwenye ngazi ya nyuma akakufundisha kuvuta tepu, kuikaza kwa gumba, kuiachia kidogo. Mimi nilikuwa dirishani nawatazama kwa wivu. Siku ya mazishi yake ulipoliomba gongo, nikakwambia mbele ya watu, "Mwanamke na gongo wapi na wapi? Utakorogea nguo za kufua?" Ukaondoka bila kula. Nilijua palepale kuwa lilikuwa lako. Ningekupa, leo lingekuwa bado na tepu yake. Nisamehe, dada yangu. Sina la kuongeza.

Daktari anasema moyo wa Mama umechoka, hatafika kiangazi. Kufa kwake siogopi sana, sote njia ni hiyo. Naogopa afe na koti mwilini, akimngoja mume aliyemkimbia.

Gongo liko kwenye meza ya karakana. Misumari iko mahali pake, mpini uko wazi, na roli la tepu liko kando. Sitaigusa tena. Kama hutaki kuniona, njoo tu, nitakaa kwa jirani. Ukishalifunga tepu, liegemee kando ya mlango wa jikoni mpaka Mama atakapotutoka, kisha uende nalo.

Nisalimie shemeji Emil, umbusu Corinne mashavu yote mawili. Nadine anakusalimu sana, na Bibi Pruitt wa jirani bado anakuulizia kila Jumapili. Mungu awafunike huko mliko na akufungulie njia ya kuja.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hakukuonyesha,
Lonnie

N.B. Mama amesimama nyuma yangu sasa hivi, ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia Verlene. Amefikiri kidogo, akasema, "Muulize huyo baba yake yuko wapi. Wale wawili hawaachani."